Kabla ya Kufunga Mkoba: Utangulizi wa Elimu ya Vipodozi

Kabla hatujaenda mbali nakuomba ufanye jambo moja dogo. Keti, pandisha suruali au sketi yako mpaka karibu na goti, kisha piga mstari kwa ukucha juu ya ugoko. Kama hujajipaka mafuta tangu jana, utaona mstari mweupe kama wa chaki ubaoni. Sasa chovya kidole kwenye mafuta yoyote uliyo nayo, upitishe juu ya mstari huo. Umetoweka. Rangi ya ngozi yako haikubadilika, na mafuta yenyewe hayana rangi. Weupe ule ulitoka wapi, na umekwenda wapi?

Ukiwa na hamu ya kujua jibu, basi umeshaingia katika elimu ninayotaka kukukaribisha. Inaitwa elimu ya vipodozi, na ni tawi la sayansi linalochunguza vitu tunavyopaka mwilini na namna mwili unavyovipokea. Kipodozi ni kitu chochote kinachotumiwa juu ya ngozi, nywele, kucha au meno ili kusafisha, kulinda, kunukisha au kupendezesha. Kwa maana hiyo rangi ya midomo ni kipodozi, na sabuni ya kuogea, dawa ya meno na mafuta ya mgando ni vipodozi vilevile. Kijana wa kiume anayedhani mada hii ni ya wasichana peke yao ameshatumia vipodozi vitatu kabla ya kunywa chai ya asubuhi.

Nakuandikia wakati huu kwa sababu muhula unafunguliwa. Mabegi yanafungwa Awendo na Oyugis, Kendu Bay na Mbita, Kehancha na Nyatike. Wengine wanarudi Chuo Kikuu cha Rongo kilichopata hati yake mwaka 2016, wengine Chuo Kikuu cha Tom Mboya mjini Homa Bay, wengine vyuo vya utabibu na vya ufundi. Kila mwaka wanafunzi huniuliza swali lilelile: ninunue nini? Nami huwarudishia swali jingine: ngozi yako inafanya kazi gani? Ukijua kazi yake, utagundua kuwa vitu vya lazima ni vichache, na kwamba kila kimoja una uwezo wa kukieleza mwenyewe. Usiogope maneno mageni. Kila moja nitalifafanua likitokea kwa mara ya kwanza.

Ukuta wa matofali

Tuanze na msingi. Ngozi ina sehemu kuu mbili. Ya juu inaitwa epidemisi, nayo ni nyembamba kama karatasi katika sehemu nyingi za mwili. Ya chini yake inaitwa demisi, nene zaidi, yenye mishipa ya damu, neva, mizizi ya nywele na tezi za jasho. Chini ya hizo mbili kuna mafuta ya mwili yanayotukinga na baridi na mapigo.

Katika epidemisi, tabaka la juu kabisa limejengwa kwa seli zilizokufa. Wataalamu wamezoea kulifananisha na ukuta: seli ndizo matofali, na kati ya tofali na tofali kuna mafuta maalumu yanayoshikilia kila kitu kama udongo wa kukandikia. Ukuta huu una kazi mbili. Kwanza, unazuia maji ya mwilini yasitoke na kupotea hewani. Pili, unazuia vitu vya nje visiingie. Nao hujijenga upya bila kukoma: seli mpya huzaliwa chini, hupanda polepole, hufa, kisha hupukutika. Safari hiyo huchukua takriban wiki nne kwa kijana mwenye afya. Ndiyo maana bidhaa inayoahidi kuibadilisha ngozi yako kwa siku tatu inapaswa kukutia shaka.

Sasa turudi kwenye ugoko. Ukuta ukikauka, matofali ya juu huinuka kingo kama rangi ya nyumba inayobambuka, na hewa huingia katikati yake. Ukucha ukipita huyainua zaidi. Mwanga unaogonga vipande hivyo na hewa iliyo kati yake hutawanyika pande zote, na jicho huona weupe. Mafuta yanapoingia yanaziba zile nafasi, mwanga unapita, na rangi yako halisi inaonekana tena. Kupauka, basi, ni ishara ya ukuta uliokosa maji na mafuta. Si uchafu, na hakuondoki kwa kusugua zaidi.

Nani anaweza kuupenya ukuta huu? Wachache sana, lakini mmoja wao anaishi jirani nasi. Katika fukwe za Ziwa Viktoria, kuanzia Homa Bay hadi Mbita na Rusinga, wako konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Kijidudu kinachotoka kwa konokono huweza kutoboa ngozi nzima, isiyo na jeraha, ndani ya dakika chache tu. Mwanafunzi anayeoga ziwani kwa sababu bomba la hosteli limekauka anaweza kupata muwasho leo na ugonjwa wa tumbo na ini baadaye. Chota maji, yaache yatulie siku mbili au yachemshe, kisha uoge nyumbani.

Sabuni, na namba inayoitwa pH

Hatua ya pili ni kusafisha. Hapa nitakutambulisha kwa kipimo ambacho huenda ulikikariri kidato cha pili bila kukipenda. pH ni kipimo cha uchachu. Kinaanzia 0 mpaka 14: chini ya 7 ni asidi, kama maji ya ndimu, juu ya 7 ni alkali, kama maji ya majivu, 7 yenyewe ni katikati. Kilibuniwa na mwanakemia wa Denmark, Søren Sørensen, mwaka 1909, alipokuwa akifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia. Jambo la kukumbuka ni hili: kila hatua moja ni tofauti ya mara kumi.

Ngozi yenye afya ni asidi kidogo, karibu na 5. Uchachu huo huwapendeza bakteria wema wanaoishi juu yetu na kuwakera wengi wa wabaya. Sabuni ya kawaida ya kipande hutengenezwa kwa kuchanganya mafuta na magadi makali, na pH yake huwa 9 au 10. Kutoka 5 hadi 9 ni hatua nne, yaani tofauti ya mara elfu kumi. Sabuni hiyo husafisha vizuri, lakini huondoa uchafu pamoja na ule udongo wa ukuta wetu. Ndiyo maana uso hukaza kama ngozi ya ngoma baada ya kuoshwa kwa sabuni ya kufulia. Wengi wetu tulilelewa tukiamini kuwa kukaza huko ndiko usafi. Ni kilio cha ukuta.

Ziko sabuni za kipande zilizotengenezwa bila magadi hayo, zenye pH iliyo karibu na ya ngozi. Wataalamu huziita sindeti, yaani visafishaji vilivyoundwa maabarani. Dukani hazijaandikwa jina hilo, kwa hiyo geuza pakiti usome viambato, yaani orodha ya vitu vilivyochanganywa kuitengeneza. Ikianza na "sodium palmate" au "sodium tallowate", hiyo ni sabuni ya kawaida. Ukiona "sodium cocoyl isethionate" mwanzoni, hiyo ni sindeti. Kama mfuko hauruhusu, usihuzunike. Tumia sabuni yako ya kawaida kwapani, sehemu za mikunjo na miguuni, na uso uuoshe kwa maji tu asubuhi, kisha kwa sabuni kidogo jioni. Ngozi itakushukuru kwa kiasi kuliko kwa bei.

Mafuta, na kazi zake tatu

Sasa tufike kwenye kitu ambacho hakuna mama wa Nyanza anayemwachia mtoto wake aende shule bila nacho. Neno "mafuta" katika mazungumzo yetu hubeba vitu vya aina tatu, na anayevitofautisha ameshapiga hatua kubwa.

Aina ya kwanza huziba. Hukaa juu ya ukuta na kuzuia maji yasitoke. Mfano wake bora ni mafuta ya mgando yatokanayo na petroli, ambayo Robert Chesebrough aliyapatia hataza Marekani mwaka 1872 kwa jina la Vaseline. Nchini Kenya tuna ndugu yake maarufu, Arimis, iliyotengenezwa ili kulainisha chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua, ikahamia kwenye midomo na visigino vya watu. Usione aibu kuitumia. Kazi inayofanyika kwenye kiwele ndiyo inayofanyika kwenye kisigino.

Aina ya pili huvuta maji. Gliserini ndiyo mfano tuliouzoea. Ina tabia ya kushika maji na kuyaweka kwenye ngozi. Lakini ikipakwa tupu wakati hewa ni kavu, huweza kuyavuta maji kutoka ndani ya ngozi yenyewe. Ichanganye na maji kidogo kiganjani kabla ya kuipaka.

Aina ya tatu hulainisha. Hujaza nafasi kati ya matofali na kuifanya ngozi iwe nyororo ukiigusa. Hapa ndipo yanapokaa mafuta ya mimea: ya nazi kutoka pwani, ya simsim yaliyo jikoni kwetu, na yale ambayo ndugu zetu Waacholi na Walango wa kaskazini mwa Uganda huyakamua kutoka kokwa za mti wa yaa. Mti huo ni aina ya mshea wa Afrika Mashariki, na mafuta yake ni laini kuliko ya mshea wa Afrika Magharibi, ndiyo maana huyeyuka upesi mkononi.

Kanuni inayoziunganisha aina zote tatu ni fupi: mafuta hayaongezi maji, hulinda yaliyopo. Kwa hiyo jipake dakika chache baada ya kuoga, mwili ukiwa bado na unyevu. Anayejifuta mpaka akauke kabisa, akavaa, akasafiri kwa matatu, kisha akajipaka, amefunga mlango wakati mgeni ameshaondoka.

Jasho na chunusi

Haya mawili huwasumbua vijana kuliko yote, na huzungumzwa kwa kunong'ona. Tuyaseme wazi.

Jasho likitoka halina harufu. Tuna tezi za aina mbili: zile zilizotapakaa mwili mzima hutoa maji yenye chumvi ili kutupoza, na zile za kwapani na za sehemu za siri, ambazo huamka wakati wa kubalehe, hutoa umajimaji wenye mafuta na protini. Bakteria wa kwapani hula umajimaji huo, na masalio ya mlo wao ndiyo kikwapa. Ukielewa hilo, utaona kwa nini manukato juu ya kwapa lisilooshwa hayafui dafu. Suluhisho ni kuwapunguza bakteria kwa kuoga na kubadilisha nguo, au kupunguza jasho lenyewe kwa chumvi za alumini zilizomo katika bidhaa za kuzuia jasho. Hizi hufanya kazi vizuri zaidi zikipakwa usiku kwenye ngozi kavu. Mwenye fedha chache anaweza kununua shabu, lile jiwe jeupe linalong'aa ambalo watu wa pwani wamelitumia tangu zamani. Nayo ni chumvi ya alumini.

Chunusi huanza ndani ya kitundu cha unywele. Ngozi hutoa mafuta yake ya asili, yanayoitwa sebamu. Sebamu ikizidi na seli zilizokufa zikashikamana, kitundu huziba. Bakteria hustawi humo, mwili hupambana nao, na pambano hilo ndilo uvimbe mwekundu wenye usaha unaouona kwenye kioo. Katika ngozi nyeusi pambano huacha alama nyeusi inayodumu kuliko chunusi yenyewe. Kwa hiyo sheria ya kwanza ni kutokamua. Sheria ya pili ni kuangalia paji la uso: chunusi zikijipanga kwenye mstari wa nywele, mara nyingi chanzo chake ni mafuta mazito ya kichwa yanayoteremka. Sheria ya tatu ni subira. Dawa inayopatikana bila cheti katika maduka ya dawa, benzoili peroksaidi, huua bakteria hao. Ile ya asilimia 2.5 husaidia karibu sawa na ya asilimia 10, lakini huwasha kidogo kuliko hiyo. Ipe wiki sita hadi nane, na utandike foronya nyeupe, kwa maana huchujusha vitambaa.

Nywele zilizojipinda

Unywele ni uzi wa protini iitwayo keratini, ileile iliyojenga kucha zako. Ukiukata unywele ulionyooka na kuutazama kwa hadubini, utaona duara. Unywele wetu uliojipinda huonyesha umbo la yai. Kutokana na mipindo yake, sebamu ya kichwani haishuki hadi nchani, na kila kona ni mahali ambapo uzi unaweza kukatika. Hapo ndipo penye sababu ya nywele zetu kuhitaji mafuta zaidi na kuchanwa kwa subira: zilowane kwanza, kitana kiwe cha meno mapana, na uanzie nchani ukipanda kuelekea kwenye mizizi.

Dawa ya kunyoosha nywele ni alkali kali sana, pH 12 au zaidi, inayovunja viunganishi vya keratini. Inaweza kuunguza ngozi ya kichwa vilevile, hasa kama umekwaruzwa au umejikuna siku hiyo. Kusuka ni salama zaidi ikiwa msusi hakazi. Wanafunzi wengi husuka wiki ya kufungua chuo mistari midogo iliyokazwa ili idumu muhula mzima. Kama vipele vimetokea kwenye mizizi, au usiku umeshindwa kulaza kichwa kwenye mto, mizizi inang'olewa. Mvuto huo ukirudiwa miaka mingi huleta upara wa pembeni mwa paji la uso, na mizizi iliyokufa haifufuki. Mwambie msusi kwa adabu, "Dada, legeza kidogo hapa mbele." Ni haki yako.

Kwa wavulana, unywele uliojipinda ukinyolewa chini sana hujichoma tena ndani ya ngozi na kuleta vipele vya kidevu na kisogo. Mwombe kinyozi aache urefu kidogo, na ahakikishe mashine imesafishwa kwa dawa mbele yako. Mapunye husafiri kwa kitana na mashine, na wembe ulioshirikiwa unaweza kubeba virusi vya homa ya ini na vya Ukimwi. Kitana, wembe na taulo ni vitu vya mtu mmoja, hata kama chumba mnalala wanne.

Rangi yako ina kazi

Sasa tumefika kwenye sehemu ngumu zaidi, na ninayoipenda zaidi.

Ndani ya epidemisi kuna seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi. Idadi ya seli hizo inakaribiana kwa watu wote duniani, Mluo na Mkuria, Mhindi na Mnorwe. Kinachotofautiana ni kiasi na aina ya melanini na namna vifuko vyake vinavyosambazwa. Vifuko hivyo hujipanga juu ya kiini cha seli kama mwavuli, vikikinga urithi uliomo dhidi ya miali ya jua.

Homa Bay iko takriban nusu digrii kusini mwa ikweta, Migori digrii moja, na uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Jua letu hupiga karibu wima mwaka mzima. Nguvu ya bidhaa za kukinga jua hupimwa kwa namba ya SPF: bidhaa ya namba 30 ikipakwa ipasavyo hupitisha sehemu moja tu kati ya 30 ya miali inayounguza. Melanini ya ngozi nyeusi sana imekadiriwa kutoa kinga ya namba 13 hivi, bila malipo, usiku na mchana. Si kinga kamili. Mwenye chunusi au alama nyeusi atafaidika kwa kupaka kinga ya jua, na kwa kila mtu kofia na mwavuli ni vipodozi bora visivyokwisha. Mwenzetu mwenye ualbino hana mwavuli huo wa ndani. Kwake kinga ya jua ni dawa ya kuokoa maisha, na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huigawa bure. Kama unamfahamu asiyejua, mwambie.

Na bado wapo wanaolipa fedha ili kuubomoa mwavuli huo. Mchanganyiko wa kujichubua tunauita mkorogo, na kemia yake unapaswa kuijua. Vitu vitatu hutokea mara nyingi. Haidrokwinoni huzuia utengenezaji wa melanini; ikitumiwa kwa muda mrefu yaweza kuleta madoa ya bluu-nyeusi mashavuni ambayo ni vigumu mno kuondoka. Steroidi kali, kama klobetasoli na betametasoni, ni dawa za kutuliza uvimbe ambazo daktari huandika kwa siku chache. Zikipakwa usoni miezi mingi hupunguza unene wa ngozi mpaka mishipa ionekane, huleta chunusi na michirizi. Cha tatu ni zebaki.

Zebaki mtu wa Migori anaijua kwa macho. Kule Macalder na vijiji vingine vya Nyatike, mchimbaji huimimina kwenye karai lenye mchanga wa dhahabu, akakanda kwa mikono. Zebaki hushikana na dhahabu ikawa bonge la rangi ya fedha. Bonge likichomwa, zebaki huruka kama mvuke na dhahabu hubaki. Akina mama wa machimboni wameambiwa na wahudumu wa afya kwamba mvuke huo hudhuru neva, na kwamba mtoto aliye tumboni ndiye huumia zaidi. Metali hiyohiyo, katika umbo la chumvi, hutiwa kwenye baadhi ya krimu za kujichubua. Melanini hutengenezwa kwa msaada wa kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi mwilini, na kimeng'enya hicho kinahitaji shaba. Zebaki huinyang'anya shaba nafasi yake, kazi inasimama, ngozi inapauka. Kisha hupenya, husafiri katika damu na kuharibu figo. Huweza hata kuwafikia wengine nyumbani kupitia taulo na mashuka.

Dunia imekubaliana kuhusu jambo hili. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, unapiga vita zebaki machimboni na katika vipodozi pia. Umepewa jina la mji wa Japani ambako watu waliugua na kufa kwa kula samaki waliolishwa sumu hiyo na maji ya kiwanda. Sisi watu wa omena na ngege hatuhitaji kuelezwa mara mbili maana yake.

Ikiwa umeshatumia krimu ya namna hiyo, sitakulaumu. Mwaka 2014 mwigizaji Lupita Nyong'o, ambaye asili yake ni hapa Nyanza, alisimulia hadharani jinsi utotoni alivyoomba aamke akiwa na ngozi nyeupe zaidi. Mwaka 2019 alichapisha kitabu cha watoto kuhusu binti mweusi, akakiita Sulwe, neno la Kiluo lenye maana ya nyota. Maumivu hayo yalimfika hata yeye. Usiache krimu ya steroidi ghafla peke yako, kwani ngozi huweza kuwaka. Ichukue chupa yenyewe uende nayo hospitali ya rufaa ya kaunti, Migori au Homa Bay, umwonyeshe daktari.

Kusoma lebo

Sasa una msingi wa kutosha kushika chupa yoyote dukani na kuihoji. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi. Ukiona "aqua" mwanzoni, maana yake ni maji. Kiambato kinachosifiwa mbele ya chupa kwa herufi kubwa, lakini kikawa cha mwisho nyuma, ni chembe tu. Mchoro wa kikopo kilichofunguliwa, wenye maandishi 12M, unasema itumike ndani ya miezi 12 tangu kufunguliwa. Maneno "mercury", "calomel", "hydroquinone", "clobetasol" au "betamethasone" yarudishe mkono wako nyuma. Chupa isiyo na orodha kabisa, au krimu iliyopimwa kwa kijiko kutoka ndoo, usiinunue hata kama muuzaji ni rafiki.

Tafuta pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Chini yake huwa na namba ya kibali. Andika SM, alama ya reli (#), kisha namba hiyo, utume kwa 20023, na utajibiwa kama kibali ni halali. Hatimaye, hata bidhaa halali ijaribu kwanza: paka kidogo upande wa ndani wa mkono, ungoje siku mbili. Kama hakuna muwasho, endelea.

Basi mkoba wako una nini? Sabuni isiyo kali. Mafuta ya kuziba au ya kulainisha. Gliserini ukipenda. Kitu cha kwapa, hata kama ni shabu. Kitana cha meno mapana na wembe wako mwenyewe. Kofia au mwavuli, na kinga ya jua ukiweza. Mwenye chunusi aongeze dawa yake. Orodha hiyo haimalizi mkopo wa wanafunzi wa HELB, na yote yaliyobaki ni mapambo ya hiari, ambayo nakutakia uyafurahie.

Kwa Kiluo neno ber hubeba uzuri na wema kwa pamoja, na mtu mrembo ni jaber. Kiswahili nacho husema kitu kizuri kwa maana zote mbili. Lugha zetu zilijua mapema kwamba kinachopendeza na kinachofaa havipaswi kutengana, na elimu hii inakupa njia ya kuvithibitisha kwa pamoja. Inahitaji watu. Tunahitaji wanakemia wa Rongo watakaopima krimu zinazouzwa sokoni, wauguzi wa Homa Bay watakaowasikiliza wasichana bila kuwaaibisha, na wajasiriamali watakaotengeneza mafuta safi kwa simsim ya wakulima wetu. Huenda mmoja wao ni wewe.

Anza na jambo jepesi. Ukifika chuoni wiki hii, kabla hujatandika kitanda, chukua chupa moja ya mwenzako wa chumbani na moja yako. Zigeuzeni, msome viambato pamoja, na lile neno msilolijua liandikeni kwenye daftari. Mkilileta darasani, tutaanzia hapo.